Saadani au Kitulo: msafara wa kutoka Dodoma uelekee wapi?

Kundi letu lina magari matatu: Land Cruiser kuukuu ya shemeji yangu, Noah ya jirani wa Nkuhungu, na pikapu yangu niliyoifungia hema juu ya bodi. Tukijumlisha watoto tunafika kumi na wawili. Mara ya kwanza tulishuka hifadhi ya Saadani, kule pwani, mara ya pili tukapanda hifadhi ya Kitulo, nyanda za juu kusini, na tangu turudi kila anayeona picha ananiuliza: wewe umefika kote, mimi likizo yangu niipeleke baharini au kwenye maua? Nimejibu kwa sauti za WhatsApp hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika.

Jibu fupi ni kwamba anza na kalenda, moyo utafuata. Saadani inataka kiangazi, Kitulo inataka mvua. Hifadhi hizi mbili zilitangazwa mwaka mmoja, 2005, lakini misimu yao mizuri inapishana. Mwenye likizo ya Julai akiniuliza maua ya Kitulo namwambia atakuta majani makavu na sakitu asubuhi. Mwenye likizo ya Aprili akinitajia Saadani, namuuliza kwanza kama gari lake lina winchi.

Kuteremka pwani

Njia ya Saadani haina fumbo. Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, halafu Chalinze, na pale unawaachia wa Dar barabara yao, unakata kushoto kama unakwenda Segera. Mandera ndipo unapoagana na lami. Kutoka hapo ni kilomita 60 hivi za vumbi mpaka kijiji cha Saadani. Ukitoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri, ukanywa chai Gairo (shukeni na sweta, pale upepo hauna adabu) na kula mchana Chalinze, utafika jua lingalipo. Kinachochosha ni malori, na zile tochi za trafiki kila penye kibao cha hamsini. Akina mama na watoto wadogo tuliwapandisha treni ya SGR, ambayo inafika Dodoma tangu 2024, wakashukia Morogoro chini ya saa mbili. Walitungoja stesheni wamekula, wamelala, wametulia. Ukiwa na mtoto anayetapika garini, huu ndio ushauri mmoja wa kuukariri kutoka makala yote hii.

Babu mmoja wa mtaani kwetu aliposikia tunaita safari yetu msafara alicheka sana. Kwao Wagogo, neno hilo lina historia. Misafara ya pembe na bidhaa iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilikatiza Ugogo, na kwa kuwa maji yalikuwa ya shida, watemi waliwatoza hongo: nguo, shanga, waya, ndipo mpite na mnywe. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa wazi, haijapata maana yake ya leo. Saadani yenyewe ilikuwa mlango mmojawapo wa misafara hiyo, ikishindana na Bagamoyo, na mkuu wake Bwana Heri aliwasumbua sana Wajerumani mwaka 1889. Kwa hiyo ukishuka kutoka Dodoma kwenda Saadani, unafuata nyayo za wapagazi. Tofauti ni kwamba wewe una feni.

Sasa wanyama. Saadani ina kilomita za mraba kama 1,100, na sifa yake kubwa ni kwamba nyika inakwenda mpaka inagusa Bahari ya Hindi. Utaona twiga, nyati, kuro, kongoni, tohe, ngiri, na tembo ukiwa na bahati ya wastani. Simba wapo, ila usiwaahidi watoto. Nasema wazi kwa sababu watu hufika na picha ya Serengeti kichwani, wakikaa nusu saa na kuona nyani tu wanaanza kununa. Hapa wanyama hawajipangi barabarani. Na ile picha maarufu ya tembo kando ya mawimbi, mimi sikuipata. Nilichopata ni hiki: alfajiri nimetoka hemani, maji yamekupwa, mchanga umelala laini kama unga uliochekechwa, na katikati yake mstari mmoja wa kwato za ngiri umeshuka kutoka vichakani hadi pale maji yalipoishia, ukazunguka, ukarudi. Kaa wadogo weupe walikuwa wakivuka nyayo hizo kiubavuubavu, wanaingia kwenye kila shimo na kutoka upande wa pili. Nilisimama pale hadi chai ikapoa.

Usiondoke bila kupanda boti Mto Wami. Hapo ndipo Saadani inapolipa deni lake. Viboko wanapumua karibu kiasi cha kusikia pua zao, mamba wamejianika kwenye tope, furukombe analia juu ya mti, na jinsi mnavyosogelea bahari mikoko inazidi kusimama pande zote mbili. Jirani yangu, ambaye ni mtu wa kuchungulia simu kila dakika, hakuitoa mfukoni mpaka tuliporudi gatini. Kwenye ufukwe wa Madete kasa wa kijani hutaga, na mayai hukaa mchangani takribani miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Kuwaona ni suala la bahati na askari wa hifadhi, basi uliza ukifika. Taa usimulike ovyo usiku, vitoto vya kasa huifuata taa na kuikosa bahari.

Maua? Machache. Kuna ule mtambaazi wa ufukweni wenye maua ya zambarau unaofunika matuta ya mchanga, na baada ya mvua vichaka vinachanua hapa na pale. Anayekwenda Saadani kwa ajili ya maua amepotea njia.

Kosa letu lilikuwa tarehe. Tulikwenda mwishoni mwa Mei tukijidanganya kwamba masika yamekwisha. Kule udongo mwingi ni ule mweusi wa mfinyanzi, ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unakuwa gundi. Noah ilizama kabla hata hatujafika langoni. Shemeji alitaka kuivuta kwa Land Cruiser, nayo ikaanza kuteleza kiubavu kuelekea mtaroni, tukaachana na wazo hilo. Walitokea vijana wawili wa bodaboda wametoka kuchukua samaki, matenga yamefungwa nyuma kwa mpira. Hawakuuliza bei. Mmoja alivua ndala, akaingia chini ya gari na koleo letu, akasema, "Kaka, hapa hamvuti, hapa mnachimba kwanza." Alichimba mbele ya kila tairi mfereji mfupi wenye mteremko, akatandika magunia yaliyokuwa kwenye pikipiki yake, akamwambia jirani aondoke kwa gia ya pili bila kukanyaga sana. Gari likatoka kama mtu anayenyanyuka kitini. Jioni ile tulikula kibua wao wa kuchoma na wali wa nazi nyumbani kwa mama yake. Mpaka leo kijana yule hunipigia akisikia Dodoma kumenyesha.

Upande wa malipo ni mwepesi kuelewa: hifadhi zetu hazipokei pesa taslimu langoni, utapewa namba ya malipo, na kibali kinahesabiwa saa 24 tangu uingie. Kwa hiyo tulilala usiku wa kwanza nje ya hifadhi, tukaingia mapema siku ya pili, tukalala ndani usiku mmoja. Mtu mwenye haraka ya kuingia jioni analipia giza.

Kupanda kwenye baridi

Kitulo ni safari nyingine kabisa, na ni ya siku mbili kwenda. Siku ya kwanza ni Iringa kupitia Mtera, kilomita kama 260 za lami yenye magari machache. Pale bwawani simameni. Samaki wa Mtera wanauzwa wakavu na wabichi, na ukiwa unatoka kwenye vumbi la Dodoma yale maji mengi ghafla hufanya hata watu wazima waanze kupiga picha kama watoto. Kuanzia Iringa salamu inageuka, "Mbukwenyi" yako unaiweka mfukoni na kuitikia "Kamwene". Asubuhi yake, kama mna watoto, pitieni Isimila, kama kilomita 20 nje ya mji, mkaone zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Halafu Mafinga, Makambako, mpaka Chimala.

Chimala ndipo safari inapoanza. Barabara inayopanda kwenda Matamba wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu kona zake kali ni hizo. Watoto walizihesabu kwa sauti. Kwenye kona ya thelathini na kitu Noah ilichemsha, mshale wa joto umefika juu, mvuke unatoka puani. Tulizima, tukangoja, na nikazuia mkono wa jirani uliokuwa tayari kwenye kifuniko cha rejeta. Nusu saa nzima usiguse. Kushuka ndiko kwenye hatari zaidi: tumia gia ndogo, breki uziguse tu, kwa sababu harufu ya breki zilizoungua ukiisikia umeshachelewa. Gari lisilovuta magurudumu yote manne lisipande mvua ikinyesha. Kwa kweli sasa ningeiacha Noah Chimala na kukodi gari la wenyeji.

Lakini ukifika juu! Dodoma tupo kwenye mita 1,100 na kitu juu ya bahari. Kitulo ni uwanda wa mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kinagonga 2,961. Hakuna vumbi, hakuna mbu, anga iko chini kiasi kwamba wingu linapita kati ya magari. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Eneo ni dogo, kilomita za mraba kama 413, lakini lina aina 350 hivi za mimea inayohesabiwa na wataalamu, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Maua huanza mvua zinaposhika, mwishoni mwa Novemba, na kuendelea mpaka Aprili, kila mwezi na rangi zake.

Sisi tulifika Februari. Kwa mbali unaona nyasi tu, na binti ya shemeji akasema wazi kwamba ameletwa kuangalia malisho. Ukishuka garini ndipo macho yanapozoea. Kwanza yale marefu mekundu yenye mkanda wa njano chini, yamesimama kama mienge. Halafu meupe, ya samawati, ya manjano, mpaka hujui uweke mguu wapi. Mwongozaji wetu alitupigisha magoti mbele ya kijiti cha kijani ambacho mimi ningekikanyaga. Kilikuwa okidi: maua kama ishirini yamepangana kwenye shina moja, kila moja dogo kuliko ukucha, na kila moja lina mdomo, mbawa mbili na mkia mwembamba nyuma, na ndani ya mdomo tone la umande halijadondoka. Akatuambia tusubiri. Baada ya dakika chache nondo mdogo akatua, akaingiza kichwa, akatoka na chembe za manjano zimemganda usoni.

Mizizi ya okidi hizo ndiyo iliyokaribia kuzimaliza. Inachimbwa, inasafirishwa Zambia, inasagwa na kupikwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuufanya uwanda huu kuwa hifadhi. Basi usichume hata moja, hata lile lililoanguka.

Wanyama wakubwa usiwatafute. Kitulo haina tembo wala twiga. Ina ndege, hasa mbayuwayu wa buluu ambaye huja kuzaliana wakati huohuo wa mvua, na kwenye msitu wa Livingstone pembeni ina kipunji, kima mwenye mkia mrefu ambaye wawindaji wa huko walimjua siku zote lakini wanasayansi walimkuta 2003 tu na kumwandika 2005. Mwaka uliofuata wakaona ni wa jenasi yake peke yake. Hatukumwona. Tulisikia sauti ambayo mwongozaji alisema ni yake, na mimi nimeamua kumwamini. Faida kubwa ni kwamba Kitulo unatembea kwa miguu, siku nzima ukipenda, wakati Saadani sehemu kubwa ya siku umefungiwa garini. Kwa watoto walio juu ya miaka minane hiyo ni tofauti kubwa sana.

Usiku, na watu unaokutana nao

Hapa maoni yangu yanaweza kukuudhi kama ni mtu wa pwani. Saadani usiku ni mtamu, joto zuri, upepo, mawimbi, na kwa sababu ni mtamu kila mtu alienda zake. Huyu kalala kwenye jamvi, yule yuko ufukweni na simu, vijana wako kwao. Marafiki tuliowapata pwani ni wale wenyeji waliotutoa kwenye tope na kutulisha, nao tuliwapata kwa sababu ya shida. Msafara wetu wenyewe haukuongezeka ukaribu.

Kitulo baridi inakusanya. Saa moja jioni hakuna mahali pa kwenda isipokuwa motoni. Jirani kambini alikuwa mama mstaafu kutoka Njombe na mjukuu wake, na kundi la vijana wanne wa Mbeya waliokuja kupiga picha za ndege bila sufuria hata moja. Tulikuwa na sufuria, wao walikuwa na viazi vya Matamba, mama alikuwa na maharage yaliyokwisha chemshwa. Kabla chakula hakijaiva watoto wetu walishamwita bibi. Alitufundisha kuchoma viazi kwenye majivu na kuvila na chumvi tu, akatusema kwa kuvaa soksi nyepesi, "Nyie watu wa Dodoma mmekuja harusini?" Tulikaa mpaka saa tano, mablanketi mabegani. Sijawahi kuona shemeji yangu akiongea kiasi kile. Namba ya yule mama iko kwenye kundi letu la WhatsApp sasa, na ndiye anayeamka wa kwanza kutuma salamu.

Kwa hiyo ukitaka kuwaunganisha watu ambao mnafanya kazi wote lakini hamjuani, wapeleke kwenye baridi. Wale mnaojuana mpaka mmechokana, wapeleke baharini, kila mtu apate nafasi yake.

Pesa na mwili

Haraka haraka. Pikapu yangu hunywa lita moja kwa kilomita tisa: Saadani kwenda na kurudi ilikula lita mia na ushee, Kitulo mia na thelathini na kidogo, kwa sababu ya mlima na umbali. Kitulo unaongeza usiku mmoja wa gesti Iringa kila upande. Saadani unaongeza boti. Mwisho wa hesabu Kitulo ilituzidi kidogo, si kwa kiasi cha kubadilisha uamuzi.

Saadani ni ya malaria: neti, dawa ya kupaka, mikono mirefu jioni. Kitulo ni ya koti, soksi nzito, blanketi mbili kwa kila mtu, na mzee mwenye presha au kifua amuulize daktari kabla hajapanda mita zote hizo. Hema tulilokodi mjini kwa safari ya Kitulo lilivuja usiku wa kwanza. Limwagie maji nyumbani kabla ya kulipa, mimi sikufanya hivyo nikaamka nimelowa magoti.

Na kama una wikendi moja tu, achana na zote mbili. Nenda Kolo, Kondoa, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ulale, urudi Jumapili. Kulazimisha Kitulo kwa siku tatu ni kulipia kuona barabara.

Kwa mwaka huu tumeshapiga kura. Walioshinda ni wa Kitulo, mwishoni mwa Februari, na wa pwani wameahidiwa Septemba, tope likiwa limekauka. Fundi ameshaifungua rejeta ya Noah. Katika tarehe zote mbili kitu kimoja ni kilekile: zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mara ya kwanza, ingawa msimu ulikuwa umepita, tulibeba kreti moja tukadhani ni nyingi, ikaishia kwa bodaboda wa Saadani na mama yake. Safari hii tunabeba tatu, na ya juu kabisa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ya Bibi, msiguse.